Eduvigis Hakuinuka

Pale bustanini, mjini Manzanillo, meza za sataranji zilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: anayeshindwa anainuka, anayefuata anakaa. Na ya pili haikuandikwa vilevile: mwanamke hakai. Miaka kumi na moja Eduvigis Portuondo alisimama nyuma ya viti vile, vidole vyeusi kwa tumbaku, akitazama tu.

Mchezo aliujulia kiwandani. Wasokota sigara husomewa kwa sauti wakiwa kazini, na msomaji wao, riwaya zikimwishia, aliwasomea michezo ya sataranji ya gazetini. Wenzake walisinzia. Eduvigis aliicheza kichwani, mikono ikisokota.

Jumapili ile kiti kikawa wazi, wanaume wakabishana zamu ni ya nani. Kabla hawajamaliza, Eduvigis amekwisha kaa. Mbele yake Nicanor Bejerano, bingwa wa mkoa mara nne.

"Mama, hapa si jikoni."

"Naona. Jikoni kwangu hakuna kelele hizi. Cheza."

"Ukishindwa unainuka, na hukai tena."

"Na nisiposhindwa?"

Watu wakaangua kicheko.

Nisiseme uongo, Nicanor alimzidi mbali. Alimlia farasi, akamlia ngome, akamlia malkia, hata Eduvigis akabaki na mfalme pembeni kabisa na askari mmoja ng'ambo ya ubao. Ngome ya Nicanor ingemaliza kazi kwa hatua moja. Eduvigis aliiona hatua hiyo. Akamsogeza askari wake.

"Na huyu je? Unamwogopa, bingwa mzima?"

"Nakuacha mtupu kama kuku aliyenyonyolewa!" Ngome ya Nicanor ikamla askari. "Haya, inuka."

Eduvigis akakunja mikono kifuani. "Mfalme wangu anatishwa na nani?"

Nicanor akatazama. Mfalme hakutishwa na yeyote.

"Ana pa kwenda?"

Hakuwa na pa kwenda. Malkia wa Nicanor alikuwa ameziba kila mraba. Na askari, ambaye angesogea badala ya mfalme, Nicanor mwenyewe ndiye aliyemla.

"Zamu ni yangu, sina cha kusogeza, na mfalme hatishwi," Eduvigis akasema. "Kwa sheria za sataranji hiyo ni sare, baba."

"Bahati hiyo!"

"Iite utakavyo. Kwenye sare anainuka nani?"

Mzee Crescencio, muuza kahawa wa pale, ndiye aliyejibu: "Hainuki mtu."

"Basi panga upya," Eduvigis akasema, akakivuta kiti mbele. "Kete nyeupe nachukua mimi."