Maharage Kwenye Stoo ya Vikapu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti la kuazima kwa mjomba, mikono yake imenifunika mpaka vidole. Nilikuwa nimetoka kwetu Tukuyu kwa lori, nina cheti cha shule na cheo kirefu: Msaidizi wa Ustawi wa Jamii, Iringa. Karani Mkuu, mtu mzima wa mjini pale ambaye wazazi wake walitoka Pwani, alinitazama kutoka chini hadi juu.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Kijana, mikono unayo?"

"Ninayo, bwana."

"Basi kunja hilo koti tuione. Kuna vikapu vya kupanga."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kalamu na wino. Nikapewa stoo iliyojaa vikapu mpaka darini, na moyoni nikasema, nimesoma ili nije kuhesabu vikapu vya akina mama? Nilinuna siku nzima. Karani Mkuu aliona, akacheka, akaniacha ninune.

Ninyi mliozaliwa wakati wa ndoo za plastiki, acheni niwaeleze. Kikapu cha Uhehe husukwa kwa milulu, nyasi ndefu za mabondeni. Mama huzikata, huzianika, kisha huzipasua kuwa nyuzi nyembamba. Rangi nyeusi na ya kahawia huzipata kwa kuchemsha magome na mizizi. Kazi huanzia kitakoni, kuta zikapandishwa taratibu, na mwisho hufungwa pindo la mdomo. Kazi yangu ilikuwa kupanga madaraja. Unakiweka kikapu mezani na kukisukuma kidogo ubavuni. Kikiyumba, kitako kimevutwa vibaya. Unakiinua kwenye jua. Ukiona mwanga unapenya, msukaji alikuwa na haraka. Baada ya muda niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyotegemea.

Vikapu tuliviuza kwenye banda lililokuwa kando ya ofisi, karibu na mahali ambapo mabasi ya Mbeya yalisimama. Ili kazi iwe nzuri zaidi, tulichagua vikapu bora kuwa vielelezo, tukawaazima akina mama wavipeleke vijijini, wavitazame, kisha wavirudishe.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Vielelezo vilirudi vyote, lakini hakuna hata kimoja kilichorudi kitupu. Kimoja kilikuwa na maharage, kingine karanga, kingine mayai yaliyolazwa kwenye pumba. Mama mmoja alirudisha chake kikiwa na kuku hai, na huyo kuku alirukia meza ya Karani Mkuu akamwaga wino wote. Sisi hatukushangaa. Kwa Wahehe, kama kwetu Wanyakyusa, chombo ulichoazima kwa jirani hukirudishi kitupu. Ukikirudisha hivyo umemwambia kwamba ujirani umekwisha. Karani Mkuu alisema hata kwao sahani ya futari hairudi bila kitu. Basi tukapokea, tukashukuru, tukaweka stoo.

Kati ya wasukaji hao alikuwapo Mama Sekalinga, mjane wa makamo, mkali wa maneno na mzuri wa mikono. Vikapu vyake nilivitambua bila kuuliza. Mumewe alipofariki, shemeji yake alitaka kumrithi, ahamie kwenye boma lake, na nyumba aliyoijenga na marehemu ipewe kijana wa ukoo. Mama Sekalinga alikataa. Alisema atajilisha mwenyewe. Ukoo ukampa muda mpaka mavuno, baada ya hapo shauri lingekwenda kwa Jumbe. Alichokitegemea mama yule ni banda letu.

Ndipo akaja Bwana Mkaguzi kutoka Mbeya, makao makuu ya Jimbo. Alikuwa Mzungu mrefu, si mtu mbaya, lakini alipenda kila kitu kikae mahali pake. Akafungua stoo.

"Hii nini?"

"Vielelezo vimerudi, bwana," nikasema.

"Mimi naona maharage. Wewe unasema kielelezo."

Nikaeleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Anayechagua vikapu, alisema, hawezi kupokea chakula kwa wanaovisuka. Hiyo ni rushwa hata kama imekuja na tabasamu. Kwa kweli katika hilo alikuwa na hoja. Ila aliongeza jambo lililotuuma. "Na hii kusuka si kazi. Ni mchezo wa akina mama wakipiga soga. Nikirudi nikikuta chakula ndani ya stoo, banda nafunga."

Siku ya mnada iliyofuata, yaani soko la kila wiki, nilisimama mbele ya akina mama nikawaomba, kwa heshima zote, warudishe vielelezo vitupu. Wiki iliyofuata banda lilikuwa jeupe. Hakuja mtu, hakikuja kikapu. Mabasi yalisimama, abiria wakanyoosha miguu, wakatazama meza tupu, wakapanda tena. Nilijisikia vibaya sana.

Mwishowe Mama Sekalinga alikuja peke yake. Nilimwamkia kwa Kihehe, "Kamwene, mama." Akanijia juu.

"Wewe mtoto wa Unyakyusa, kwenu hamna mama zenu? Unatuambia turudishe kitupu mbele ya watu! Wenzangu wanasema basi, Serikali haitutaki tena. Vikapu vyenu vipo nyumbani, vimekaa. Nani atavileta na aibu hiyo?"

"Mama, chakula kikiingia stoo banda linafungwa."

"Na mimi banda likifungwa nakwenda wapi? Kwa shemeji?" Akatazama pembeni, kuelekea barabarani.

Karani Mkuu alikuwa anasikiliza mlangoni. Akakohoa. "Huyu bwana amekataza chakula ndani ya stoo," alisema taratibu. "Amekataza na jikoni?"

Tulitazamana. Mama Sekalinga ndiye aliyeanza kucheka.

Aliwapelekea wenzake habari, na mnada uliofuata mafiga yaliwekwa nje, kando ya banda, peupe kabisa. Kila mama aliyerudisha kielelezo alimimina alichobeba moja kwa moja kwenye chungu, na mimi mpanga madaraja nilikatazwa hata kuonja. Hilo Karani Mkuu alilisimamia kwa furaha isiyo ya lazima. Maharage yalipoiva yakafuatwa na ugali, na ugali ukapakuliwa kwenye vikapu, maana ndiko unakokaa nyumbani kwa Mhehe. Basi la Mbeya likasimama. Abiria wakakaribishwa kama wageni.

Sasa fikirini. Abiria hao walikuwa wamepita mbele ya vikapu vyetu miezi yote hiyo wakiviona kama mapambo ya ukutani. Siku ile waliona ugali wa moto umekaa ndani yake, haukutoa jasho chini, haukushika kando. Mke wa mfanyabiashara mmoja kutoka Uyole aliomba kikapu kilekile alimokuwa amekula. Mwenzake akataka kikubwa zaidi. Kabla ya basi kuondoka meza ilikuwa tupu tena, safari hii kwa sababu nzuri.

Bwana Mkaguzi alirudi, akaenda stoo kwanza. Akakuta vikapu tu. Akatoka nje, akakuta mafiga, akasimama kwa muda mrefu akitazama watu wanavyochagua. Mama Sekalinga akampelekea ugali na maharage. Akala akiwa amesimama, kisha akakaa. Hakusema kwamba alikosea. Alisema banda linahitaji paa refu zaidi, mvua zinakuja, na kweli mabati yaliletwa.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, nikafanya kazi na wasuka mikeka na wafinyanzi wa kutoka ziwani, chini ya mabwana wa Kizungu na, baada ya Uhuru, wakuu wa idara wengi. Kila mmoja wao aliniuliza kwa namna yake kwa nini mkoa utumie nguvu zake kwa vikapu na vyungu, wakati kuna barabara na kahawa. Nimestaafu, nina bustani na miguu inayouma, na wajukuu bado wananiuliza swali hilohilo. Mimi huwajibu kwa kuwasimulia siku moja tu.

Ni siku ya shauri la Mama Sekalinga, baada ya mavuno. Nilikwenda kama shahidi, lakini sikuhitajika. Shemeji alizungumza kwa muda mrefu kuhusu ukoo na huruma. Kisha Jumbe akamgeukia mjane.

"Mama, utaishi kwa kazi gani?"

Enzi zile ukisema fundi, watu walimwona seremala, mwashi, au bwana wa cherehani. Mama Sekalinga alisimama, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Mimi fundi," alisema.

Wanaume barazani wakaangua kicheko. Jumbe hakucheka. Nyumbani kwake wageni walikuwa wamepakuliwa ugali kwenye kikapu cha mama huyo asubuhi ileile. Alimtazama shemeji, akamwambia akae chini.

"Mama, rudi nyumbani kwako," alisema.