Safari ya Kibao cha Mbuzi

Juzi mpwa wangu alijipaka mafuta ya nyonyo kichwani, nami nikashika kiti kwa mikono miwili. Harufu hiyohiyo ilijaa uani kwetu Bagamoyo alasiri ile Ami, mdogo wake baba, alipofunga kiinjini cha ndege ya kuchezea, kile kinachotumia mafuta yaliyochanganywa na nyonyo, kwenye pua ya kibao cha mbuzi cha mama, kile cha kukunia nazi.

“Kalia hapo,” aliniambia. “Uzito wa kukituliza ni wewe.”

Aliunga waya wa betri kwenye plagi ya kuwashia injini, akapiga panga boi lake kwa kidole, injini ikakohoa, akapiga tena. Mara ikalia kama nyigu waliochokozwa, kibao kikatetemeka chini yangu.

“Chomoa waya wa betri.”

Mimi niliamini waya ule ndio kamba iliyotuzuia tusiruke. Nikautazama ukuta, nikawaza tutashukia wapi. Labda kijijini Zinga, ambako sikuwa na ndugu hata mmoja.

“Ami, nitarudije?”

“Urudi kutoka wapi? Chomoa, plagi inaungua.”

Leo najua betri ni ya kuwashia tu. Injini ikishashika hujiendesha yenyewe. Siku ile nilifumba macho, nikatoa shahada, nikachomoa. Ngurumo ikazidi.

Nilipofumbua, mama alikuwa amesimama mlangoni na nazi yake mkononi, nami nilikuwa palepale uani. Mpaka leo sijahama.