Sponji za Chumba cha Nyuma

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kupasua kichwa.

Pale kwenye karakana ya makochi walimwita Fundi Sponji, kwa sababu hakuna kiti alichokigusa kikabaki kigumu. Kifafa alikuwa nacho tangu shuleni. Dawa alikunywa, na kilipomjia mara mojamoja wenzake walishazoea: mikasi kando, kisha wanambeba hadi chumba cha nyuma na kumlaza kifudifudi juu ya rundo la sponji. "Mwacheni apumzike." Mlango unarudishwa. Mwenyewe ndivyo alivyotaka, wateja wasimwone.

Siku hiyo kilimkuta akipigilia kitambaa. Wakambeba kama kawaida. Mkewe, aliyekuwa akishona vitambaa vya makochi dirishani, alisikia mtikisiko ukikoma nyuma ya mlango, akashukuru moyoni. Kumekuwa shwari. Akamaliza mshono, akampelekea maji.

Uso ulikuwa umezama wote ndani ya sponji. Mgongo haupandi, haushuki.

"Baba Pacha! Baba Pacha, we!"

Alimgeuza ubavu kwa nguvu asizojua alizitoa wapi. Midomo ilikuwa imeingia weusi. Akamtikisa, akamtikisa tena, ndipo mume akavuta pumzi moja ndefu kama mtu aliyeibuka majini.

Hospitalini daktari alivuta kiti karibu nao. "Mama, akitulia ghafla usifurahi haraka. Ubongo una kemikali za kupelekeana habari. Mojawapo, serotonini, husukuma pumzi na kumshtua mtu hewa inapokuwa nzito. Wewe shuka likikuziba pua usingizini, unageuka bila kujua. Baada ya kifafa, watafiti wanaona mpango huo unaweza kuzubaa. Kifua kinasahau kazi, na mtu hageuki."

"Na sisi tunamzamisha kwenye sponji!"

"Mlazeni ubavu, mahali pagumu kidogo, na mtu akae naye mpaka azinduke. Dawa asiruke. Kikipita dakika tano, mleteni mbio."

Njiani mume alinuna. "Sasa nigaragare mbele za watu, wanitazame kama kochi la maonyesho?"

"Wakutazame unapumua," mke akasema. "Mlango ule nimeusikiliza leo ukiwa kimya, nikadhani ni heri. Sirudii."

Mume akakaza mwendo hadi nyumbani.

Kesho yake asubuhi Fundi Sponji alitangulia kazini. Mkewe alipofika, alikuta rundo lote limekatwakatwa na kujazwa kwenye kochi la mteja, na mlango wa chumba cha nyuma umeng'olewa kwenye bawaba, umeegemezwa ukutani. Mkeka ulitandikwa kando ya cherehani yake.

Shemeji yake mke, fundi mbao wa pale karakanani na mmoja wa waliokuwa wakimbeba mumewe, akakuna kichwa. "Shemeji, sisi tulidhani tunamlaza kifalme."

"Ufalme umekwisha," Fundi Sponji akasema. "Nikianguka, ni hapa, ubavu."

"Na wateja wakiuliza?"

"Waambie nakagua miguu ya makochi."

Akaokota nyundo, akaendelea na kitambaa alipokuwa ameachia.