Kilemba Mbele ya Kamera

Juzi Kariakoo, kwenye ofisi ya picha za vitambulisho, dada wa kamera alimwambia mzee Singasinga aliyekuwa mbele yangu avue kilemba.

“Babu, toa hiyo kofia.”

“Si kofia, mjukuu wangu. Dini yetu hairuhusu kukata nywele, ndiyo maana tunazifunika. Na bila picha sipati kitambulisho.”

“Kila mtu ana visingizio vyake.”

Mzee akaunyooshea kidole ushungi wa yule dada. “Na huo wako, uliambiwa uuvue?”

Dada akaushika. “Kumbe ni kama huu. Haya babu, tazama huku.”

Mzee akatoka akinung’unika kwamba amezaliwa hapahapa Msimbazi, na bado anafundisha somo hilohilo kwenye kila dirisha la ofisi.

Zamu yangu ilipofika, nilipigwa picha nikiwa na nywele za bandia hadi kiunoni. Hakuna aliyeniambia nivue.