Kamera Ilipopita Mlangoni Kwangu

Habari ilitufikia Juru, mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kupitia kanisani, baada ya matangazo na kabla ya baraka: nyota wa sinema kutoka ng'ambo angekuja kututembelea, na watu wa televisheni pamoja naye. Akina mama wengine walianza kutaja watakachomwomba, dawa, shule, ndege ya kwenda Kanada. Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka uso wangu uonekane.

Mume wangu tulipotezana tulipokimbia Kivu ya Kusini, yeye upande wa ng'ombe, mimi upande wa watoto. Hakuna aliyemwona amekufa. Nilishapeleka jina lake redioni, na kwa wale wanaotafuta watu waliopotea, na kwa kila aliyeshuka kwenye lori jipya. Lakini jina husikika mara moja likapita, na majina yetu yanafanana. Uso wangu angeujua hata katikati ya umati. Kama yuko Kigoma, au Bukavu, au popote penye televisheni, angeniona na kuja. Hata kama angekuwa ameketi ndani ya baa, baa hiyo ningeisamehe.

Nikajiandaa kama mtu anayepokea mgeni. Nilikanda udongo na samadi, nikasiriba kuta upya, nikazipaka jivu upande wa chini. Niliazima viti vya mchungaji nikavitandika vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Siku yenyewe nilivaa sare ya kwaya ya akina mama na kusimama mlangoni kabla umande haujakauka.

Jirani yangu hakufanya lolote. Alikuwa mdogo kwangu, ndiyo maana aliniita yaya, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, au hivyo ndivyo alivyotuambia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kwenye kiwiko, haunyooki. Turubai la nyumba yake lilikuwa limechanika tangu mvua zilizopita, na uani maganda ya maharage yalilala palepale yalipoanguka. Nilimwambia afagie. Akasema yeye hapendi wageni.

Magari yakaja. Nyota mwenyewe alikuwa mwembamba, viatu vyake vya shamba vipya, mpole kweli, siwezi kumsingizia. Alinishika mkono akatabasamu. Mpiga picha akatazama kuta zangu, akatazama viti, akasema neno. Mkalimani alinieleza, bila ubaya wowote, kwamba kwangu kunapendeza mno, hakuna cha kuonyesha. Wakavuka ua wakaenda kwa jirani.

Nikabaki na viti vya mchungaji. Kutoka pale niliona yote. Jirani alijifunika uso kwa kitenge, na yule nyota akakishusha taratibu kwa vidole, kama mtu anayemfunua bibi harusi, na kamera ikasogea. Kisha akaushika ule mkono uliopinda, akaulilia. Jirani hakutamka neno, na watu wale waliupenda ukimya wake kuliko maneno ya Juru nzima. Mimi niliona maringo matupu. Hata mkono wenyewe niliuonea wivu. Nilitazama mikono yangu miwili mizima nikaona haina faida.

Miezi ikapita. Nikienda Mbarara kuuza maharage, nilikuwa nikipumzika mtaa wa Nyamityobora kwa mke wa askari mmoja wa kambi ya jeshi, mama aliyeuza nguo za mitumba na mwenye televisheni juu ya kabati. Kila habari zilipogusia wakimbizi, wawe wakimbizi wa wapi, jirani yangu alitokea: uso, mkono, machozi ya nyota. Msomaji habari alisema mkono ule ulivunjwa na vita.

"Huyu mama ya mukono, iko na nyinyi kule Nakivale?" mke wa askari aliniuliza. "Kila siku iko kwa tivii. Sasa amekuwa mutu mukubwa."

Nilimjibu kwamba turubai la mtu mkubwa huyo bado limechanika. Hilo lilikuwa kweli, na lilinifurahisha. Chai aliyonimiminia sikuimaliza. Popote mume wangu alipokuwa, kama alikuwa akitazama, alikuwa akimtazama mwanamke mwingine.

Halafu siku moja, nikiwa shambani napalilia mahindi, mwenzangu wa kwaya alikuja mbio akihema.

"Mama, iko mwanaume mumoja kule fasi ya maji," alisema, akionyesha mahali tunapotekea. "Anatafuta bibi yake. Anasema alimuona ku televizio."

Sikuuliza anaitwaje. Niliacha jembe palepale nikakimbia, na umri wangu ukabaki nyuma na jembe. Njiani nilijiambia: kumbe kamera ilininasa nilipokuwa mlangoni, kumbe ule upitaji wao ulitosha. Niliingia nyumbani kwanza kutafuta kitambaa safi cha kichwa, kwa sababu sikuwa tayari kuonana na mume wangu nikiwa na udongo usoni. Nyuma ya pazia la kitanda nilimkuta jirani amechuchumaa, amempakata mtoto.

"Yaya, usimuambie niko humu," alisema. "Bwana yangu hakukufa. Ni yeye alinivunja huu mukono."

Nilielewa yote kwa pamoja, na nilichohisi kwanza hakikuwa huruma. Nilihisi kwamba basi, mume aliyekuja si wangu.

Hodi ikapigwa. Nilitoka nikauvuta mlango nyuma yangu. Alikuwa mwanaume wa kawaida tu, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Kwa jirani hakukuta mtu, ndiyo maana amekuja kwangu. Alinisalimia kwa heshima na kunieleza kwamba alikuwa Uvira akinyolewa alipomwona mkewe kwenye televisheni, akainuka na kutoka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Amevuka mipaka, amepanda malori, amelala vituoni. Jina la mkewe alilitaja kwa upole. Nilimwambia kwamba mwanamke huyo hayupo tena, wale wazungu wa kamera walimpandisha ndege pamoja na mtoto. Uongo huo ulitoka bila kukwama, kwa kuwa ndivyo sote tulivyodhani ingekuwa. Naye aliuamini.

Akageuka aende zake. Ningemwacha aende. Nyuma yangu mtu alikuwa amemziba mtoto wake mdomo kwa kiganja, na kila nilivyomchelewesha yule bwana ndivyo nilivyomtesa yeye. Lakini nilimwita arudi. Nilimuuliza kama katika picha zile, kabla ya kufika kwa mkewe, aliona mlango, na mwanamke wa sare ya kwaya amesimama hapo. Nilimwomba afikirie vizuri. Kama yeye aliniona, mwingine naye angeweza kuniona.

Alinitazama. Alijaribu kukumbuka, nilimwona akijaribu kwa moyo wote.

"Hapana, mama," alisema. "Mi nilikuwa naangalia yeye tu."

Akashika njia. Mimi nikabaki nimeegemea mlango, nikimwonea wivu mwanamke aliyekuwa akitetemeka upande wa pili.