Nauli ya Walimu Ilipomenywa Kibingo

Wanafunzi wangu wa darasa la sita huandika neno Kagera kila siku. Liko kwenye majalada ya madaftari yao na kwenye ramani iliyochorwa ukutani. Siku moja niliwauliza ni nani amewahi kuuona mto wenyewe, na hakuna mkono hata mmoja uliopanda. Mimi ni mzaliwa wa Dodoma, kwenye mito ya mchanga mtupu, na jambo hilo liliniuma. Watoto wa huku Ihanda wana mto wenye maji mwaka mzima, halafu wanaujua kwa tahajia tu! Nikaapa kwamba hawamalizi shule kabla hawajauona.

Kwenye kikao cha wazazi mambo yalikwenda vizuri mno. Shule moja ya Kibingo, wilayani Kyerwa, ilikubali kutupokea, na kila mzazi alikubali kumlipia mtoto wake kiti kwenye kosta ya kukodi. Nilikuwa nakunja karatasi zangu niondoke aliposimama Baba Ezekia. Ni mtu mpole, baba yake alitokea Rwanda, naye hulima vibarua kwenye vibanja vya wenzake, kwa kuwa yeye mwenyewe hana shamba la migomba nyumbani kwake.

"Samahani Mwalimu," alisema. "Watoto tumewalipia. Wewe na Mwalimu Novatus mtakaa kwenye viti. Viti hivyo vinalipwa na nani?"

Wote tulijua kinachofanyika kila mahali: viti vya walimu hugawanywa kimyakimya kwenye michango ya watoto, na shule haina fungu la safari. Nilipandwa na hasira, sitaficha.

"Hakuna mtoto atakayenibeba mgongoni," nilisema. "Nitajilipia mwenyewe."

Nilidhani nimemaliza, kumbe nimewatukana. Mama Adventina, mwenyekiti wa kamati ya shule, alinyanyuka akiwa amekunja uso. "Mwalimu, utuwie radhi. Unatupelekea watoto wetu halafu ujilipie? Sisi watu wa Ihanda tutajificha wapi?"

"Na mimi sikuuliza ili ulipe," Baba Ezekia aliongeza. "Niliuliza ili tujue tunalipa nini."

Wakakubaliana bila kuniuliza tena. Viti viwili vya walimu vitalipwa kwa ndizi, na mwenye mgomba uliokomaa atoe mkungu. Dereva, Bwana Deus, mwenyeji wa Nkwenda, aliridhia bila kusita, maana nyumbani kwake kuna midomo mingi. Nami nikaahidi mbele ya wote kwamba hela ya watoto haitaguswa kwa ajili yetu, na mfuko wangu pia sitaugusa. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuja kunitoa jasho.

Alfajiri ya Jumamosi nilimkuta Baba Ezekia uwanjani tayari. Alikuwa amepitia nyumba zote zilizoahidi, na baiskeli yake ilikuwa haionekani kwa mikungu iliyoning'inia. "Sina mgomba, Mwalimu," alisema huku akiifunga mikungu juu ya keria ya gari, "lakini baiskeli ninayo." Kisha akamrekebishia Ezekia kola ya shati na kurudi pembeni.

Kayanga tulisimama kujaza upepo. Wachuuzi wa stendi walikuja kuchungulia keria na kuuliza bei. Watoto walitoa vichwa madirishani wakapiga kelele kwa pamoja, "Haziuzwi! Ni za walimu!" Mchuuzi mmoja aliniangalia kuanzia viatu hadi kilemba, akasema walimu wa siku hizi wana bahati. Nilivimba kichwa hadi Omurushaka, ambako vumbi lilinishusha.

Nkwenda tulikuta nyumba ya Bwana Deus imefungwa. Mkewe alikuwa mazoezi ya kwaya, na ufunguo ulikuwa naye. "Tutazishusha tukirudi," dereva alisema. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Tulipoingia Kibingo shule nzima ilikuwa barabarani. Waliimba, wakatushika mikono, wakatupatia punje za kahawa za kutafuna kama wageni wakubwa. Mama Leokadia, mkuu wa kamati yao, alinikumbatia mpaka kilemba changu kikaenda upande. Nilikuwa bado nakirekebisha niliposikia vigelegele nyuma ya gari. Akina mama wa Kibingo walikuwa wameshaona mikungu. Kijana alipanda kwenye keria akakata kamba, na kabla sijamaliza kuwasalimia wazee, visu vilikuwa vimetoka na maganda yanaanguka. Nauli yetu ilikuwa inamenywa mbele ya macho yangu.

"Wazuie!" nilimnong'oneza Mwalimu Novatus, ambaye ni mzaliwa wa huku.

"Niwaambie nini?" alijibu bila kugeuza kichwa. "Wameona wageni wamekuja na ndizi, wamefurahi. Ukisema sasa hivi kwamba si zao, umewaambia tumekuja mikono mitupu."

Nikajikaza. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma, huku kichwani nikipiga hesabu. Hela iliyobaki mfukoni ilikuwa ya watoto. Yangu nilikuwa nayo, lakini nikiitoa, nitarudi Ihanda nikiwa nimewaaibisha watu waliochagua mikungu yao bora kwa ajili yangu.

Ndizi zilipokuwa jikoni, tulipanda kilima na wenyeji wetu. Na pale juu, jamani, nilisahau kila kitu. Mto Kagera ulikuwa chini yetu, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, ukijipinda katikati ya mafunjo, na ng'ambo yake milima ya Rwanda. Watoto wangu waliokuwa hawanyamazi toka Ihanda walisimama wakiukodolea macho. Kisha mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakaupigia mto makofi. Nililia, na sikujali nani ananiona.

"Babu alivuka hapo," Ezekia aliwaambia wenzake. Aliupima mto kwa macho. "Ila alivyousimulia ulikuwa mkubwa zaidi."

Tulirudi kula. Ndizi na maharage zilipakuliwa kwenye majani ya migomba, watoto wa shule mbili wakachanganyika, na Bwana Deus aliketishwa kati ya wazee, akapewa sahani na kuongezewa kila alipomaliza. Mwalimu mkuu wa Kibingo alisimama kuwashukuru watu wa Ihanda kwa ndizi zao nzuri, na kumshukuru dereva wao kwa kuwafikisha watoto salama. Bwana Deus naye akapigiwa makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye nilimfuata kwenye gari. "Bwana Deus, ile nauli…"

Alianza kucheka, akashika tumbo. "Mwalimu, nauli yangu nimeila! Nimeila sahani mbili, na maharage juu. Naendesha gari miaka yote hii, nani amewahi kusimama akanishukuru mbele ya watu? Nikikudai tena nitakuwa mtu wa namna gani?"

Kicheko chake kilimfikia Mama Leokadia, akaja kuuliza, na dereva akamweleza bila kumficha. Mama wa watu alijifunika uso kwa khanga. Aliondoka haraka, akarudi akiwa ameshika jembe na mche wa mgomba aliotoka kuung'oa kibanjani kwake. Alichonga shina mbele yangu nione jinsi lilivyo jeupe, halina ugonjwa.

"Upande shuleni," alisema. "Safari nyingine nauli yenu mwe nayo wenyewe, na mkija kwangu msiifunge juu ya gari. Mimi nikiona ndizi mikono hainisikii."

Jua lilikuwa linazama tulipofika Ihanda. Wazazi walikuwa uwanjani, na Baba Ezekia hakuuliza kwanza habari za mto. "Viti vililipwa, Mwalimu?" Niliwasimulia yote, tangu mlango uliofungwa Nkwenda hadi sahani mbili za dereva. Mama Adventina alicheka mpaka akakaa chini. Baba Ezekia hakucheka. Alichukua mche mkononi mwangu, akaugeuzageuza, akaomba jembe. Akaupanda nyuma ya darasa la sita palepale, huku Ezekia akimshikia tochi na kumwelezea mto.

Tangu siku hiyo ndiye anayeutunza, anauwekea samadi na kuupunguzia majani. Mimi nilikuja huku nikiamini kwamba heshima ni kujilipia. Ihanda imenifundisha kwamba mtu anaweza kukuheshimu hadi akagombea kukulipia, na kazi yako ni kukubali. Najivunia watu hawa kuliko ninavyojua kusema.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha safari ya darasa jipya. Mzazi mgeni alisimama, akakohoa, akauliza viti vya walimu vinalipwa na nani. Baba Ezekia hakusimama. Alinyoosha kidole dirishani, kwenye mgomba uliokuwa umetoa mkungu wake wa kwanza.

"Vinalipwa na mimi," alisema.