Madaktari walitengeneza damu ya ndugu yangu, pasteur akachukua makofi

Admin, funika jina langu vizuri, maana hapa Lubumbashi tunajuana. Mimi ni mwanamuke wa miaka makumi tatu na sita, niko na mume na watoto wawili, ninauza pagne, vile vitenge vya wanawake, mutaa wa Kamalondo. Wazazi wetu ni watu wa Kasai, lakini sisi wote tulizaliwa huku. Ninaandika na hasira, basi musinitafutie upole.

Mudogo wangu, nitamwita Trésor, alizaliwa na SS, selimundu, ule ugonjwa wa damu unaotesa mifupa. Dada yetu mukubwa alikufa nao. Ninyi wenye mutoto wa SS nyumbani munajua kile kilio, sina haja ya kuwaeleza. Trésor akaenda kusoma Ubelgiji, na madaktari wa kule wakamukubali katika utafiti wao. Magoti ya mama hayamubebi tena, basi nikatumwa mimi nikamuangalie.

Kwa hiyo mambo haya sikuhadithiwa. Walimutoa zile chembe zinazozaa damu, wakaenda kuzirekebisha ndani kabisa, kwenye jeni. Kisha wakamupiga chimio, zile dawa kali za kansa, ili kuondoa zile za zamani zilizobaki kwenye mifupa. Nywele zikaanguka, kinywa kikajaa vidonda, na mimi ndiye nilikuwa ninashika beseni akitapika. Nyuma ya hapo wakamurudishia chembe zake. Tangu siku zile hajalia mifupa tena. Nilipiga magoti, nikamushukuru Mungu, na madaktari pia niliwashukuru, kwa sababu mimi si mutu wa kula chakula na kusahau mupishi.

Kabla turudi, daktari alitukalisha, akasema polepole: “Tumetengeneza damu yako tu. Mbegu ya uzazi hatukuigusa, hatuna ruhusa, tena hakuna anayejua ingeleta nini kwa watoto. Ukioa mwanamuke anayebeba ugonjwa huu, watoto wanaweza kuzaliwa na SS kama zamani. Kwa hiyo mwanamuke apimwe kwanza. Na kila mwaka urudi tukuangalie, kwa sababu kazi hii ingali changa.”

Trésor aliitika “oui, docteur” kama mutoto wa masomo.

Tukafika Lubumbashi. Kanisa letu liko Hewa Bora. Siku ya Mungu ya kwanza, Jumapili, pasteur akamuita mbele, akatangaza kwamba alimuombea kwa vidéo na ugonjwa ukakimbia. Nikangojea mudogo wangu aseme neno moja la beseni. Akasema: “Wakati pasteur alinyoosha mukono, nilisikia moto mu mifupa!” Moto! Moto gani, wewe uliyetapika mupaka ukaomba kufa? Watu wakaruka, wakalia, wakatoa sadaka. Pasteur akafuta jasho la kazi ambayo hakuifanya.

Leo wanamwita Frère Muujiza. Anavaa kostimu nyeupe, anatembea polepole kama sanamu inayoogopa kuvunjika, anawekea watoto wa wengine mikono. Jirani yangu mumoja aliacha kumupa binti yake dawa za SS kwa sababu ya ile mikono. Mutoto akarudi hospitali akiwa karibu kufa, wakamuongezea damu. Pasteur akasema imani ya mama yake ilikuwa fupi. Hakuona hata haya.

Ningenyamaza pengine, lakini Trésor akachumbia. Muchumba wake, nimwite Rachel, anaimba katika chorale ya kanisa. Alikuja kwangu kuchagua pagne za ndoa, akaniambia mwenyewe (yaya kwetu ni dada mukubwa): “Yaya, mie niko AS. Kwetu baliogopa, lakini pasteur alisema Trésor alishapona, hakuna tena neno.”

Mwenye AS haugui, lakini anaubeba ugonjwa. Nilimukimbilia Trésor.

“Ulimuambia Rachel maneno ya docteur?”

“Yaya, ile ni maneno ya bazungu. Muntu Mungu aliponyesha, tena unamupeleka ku labo?”

“Na ile contrôle ya kila mwaka?”

“Nikirudi kule, bantu batasema sikupona.”

Sikilizeni mwanaume huyo. Anaogopa midomo ya watu kuliko mifupa ya watoto wake mwenyewe, yeye aliyekuwa anauma shuka kwa maumivu!

Nikaenda kwa mama. Sasa kanisani wanamwita Mama Muujiza, na jina limemukaa vizuri. Akaniambia: “Nilizika mutoto mumoja. Huyu Mungu aliniachia. Ukifungua ile kinywa yako, usiniite tena mama.” Nililia njiani. Mama simudharau, alizika. Lakini wale wanaochuma kwenye machozi yake ninawadharau wote, hata kama damu yangu mwenyewe iko kati yao.

Rachel nilimuambia yote. Akaenda kumuuliza Trésor, yeye akajibu kwamba niko na wivu, kwamba nilizoea kumuona akiwa mugonjwa. Rachel akarudi, uso mukavu: “Yaya, kama ni kweli, sema mbele ya bantu bote. Bila vile, mie nitasadiki bwana wangu.”

Sasa pasteur ameniita. Anataka siku ya Mungu hii nitoe ushuhuda, kwamba nilikuwa kule na niliona muujiza kwa macho yangu. Nikikataa, wataandaa ndoa. Nikidanganya, wataandaa ndoa. Nikisema kweli, nimepoteza mama.

Mama atakaa mbele yangu. Rachel atasimama nyuma yangu pamoja na chorale. Ninyi munaosoma, wenye akili na wenye watoto, nipeni shauri: nikikamata ile micro, nigeukie nani?